Ajali na Kinga Yake

Methali isemayo kuwa ajali haina kinga ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kusikika visiwani linapotokea jambo zito. Hutamkwa matangani, barazani na bandarini, tena hutamkwa polepole, na mwenye kuitamka hatazamiwi kuongeza kitu. Hapana shaka kwamba imebeba rehema kubwa. Aliyefiwa hapendi kufunguliwa daftari la hesabu siku ya msiba wake. Anataka kuambiwa kwamba lililompata halikuwa la kumkosa, na kwamba mkono uliotwaa ndio ule ule uliotoa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilipinduka na kuzama upande wa Nungwi, ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko idadi iliyoruhusiwa. Roho za mamia zilipotea, na wengi hawakuonekana hata maiti zao. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe. Katika misiba ya namna hii methali ile ile huweza kutoka katika vinywa viwili. Huisema mzazi aliyempeleka mwanawe bandarini na asimpokee tena. Na huweza kuisema vilevile yule aliyekata tiketi ya ziada, au aliyetazama chombo kikiinama kwa uzito na akanyamaza.

Je, maneno hayo yana maana moja yakisemwa na wawili hao? Na ikiwa kila kitu kimekwisha kuandikwa, basi ni kwa haki gani mmoja afarijiwe kwa maneno hayo, na mwengine ahukumiwe hali ya kuwa ameyashika? Swali hili ni la kale kuliko meli zote za injini. Limewashughulisha Waislamu tangu karne yao ya kwanza, na wapo waliouawa kwa sababu ya jawabu walilolitoa.

Qur'ani haikulificha swali hili, wala haikulimaliza kwa kauli moja. Katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 29, haki imewekwa mbele ya watu, na aaminiye au akufuruye ametajwa kuwa afanya kwa kutaka kwake. Katika Sura ya Ar-Ra'd, aya ya 11, hali ya watu haibadilishwi mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao. Upande wa pili, Sura ya Al-Qasas, aya ya 56, humwambia Mtume (s.a.w.) mwenyewe kwamba si yeye amuongoaye ampendaye, na katika As-Saffat, aya ya 96, Nabii Ibrahim huwakumbusha watu wake kwamba Mungu ndiye aliyewaumba wao na vile wavifanyavyo, au na hayo wayatendayo, kwani neno moja dogo la Kiarabu katika aya hiyo limekubali tafsiri zote mbili, na kila kundi limeshika ile iliyolifaa. Ajabu zaidi ni mwisho wa Sura ya At-Takwir. Hapo aya mbili zimefuatana: ya kwanza inamtaja yule atakaye kwenda sawa, na ya pili inaeleza kwamba hakuna kutaka ila kwa kutaka kwa Mola. Hiari ya mja imetajwa kwanza, kisha ikawekwa ndani ya hiari nyengine iliyo kubwa kuliko yake. Msomaji hakuruhusiwa kuichukua moja na kuiacha ya pili.

Lakini watu walichukua moja wakaiacha ya pili, na aghlabu walikuwa na sababu. Katika zama za Banu Umayya palikuwa na watawala waliopenda raia waamini kwamba ufalme wao, na mapanga yao, na kodi zao, vyote ni kadari isiyohojiwa. Ma'bad al-Juhani wa Basra alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kutangaza kwamba mja ndiye mwenye vitendo vyake. Akauawa mwishoni mwa karne ya saba ya Miladi. Ghaylan wa Dimashqi akauawa kwa kauli iliyo karibu na hiyo katika utawala wa Hisham bin Abdulmalik. Upande wa pili, Jahm bin Safwan, aliyesema kwamba mja hana chake na kwamba husukumwa kama jani lipeperushwavyo na upepo, naye aliuawa mwaka wa 128 Hijria (746), kwa kuwa aliingia katika uasi. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: huyo aliyewanyima waja hiari, yeye mwenyewe alitoka na waasi kwa hiari yake. Imani ya mtu husomwa katika kauli yake, na husomwa pia katika miguu yake.

Al-Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka wa 110 Hijria (728), amenasibishiwa waraka aliomwandikia Khalifa Abdulmalik bin Marwan kujibu alipoulizwa juu ya kadari. Wataalamu wamehitilafiana iwapo waraka huo ni wake kweli. Awe ameuandika yeye au mwengine, msimamo wake u wazi: Mungu hawezi kuamrisha jambo kisha akamzuia mja asilitende, wala kukataza jambo kisha akamlazimisha kulitenda, halafu akamwadhibu. Mu'tazila waliokuja baadaye wakaujengea msimamo huo nyumba kamili ya hoja, na nguzo ya nyumba hiyo ni uadilifu wa Mungu.

Nyumba hiyo ilitikiswa na mtu aliyelelewa ndani yake. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwanafunzi wa al-Jubba'i, husimuliwa kwamba alimuuliza mwalimu wake juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima na mwema, wa pili akafa mtu mzima na kafiri, wa tatu akafa mtoto. Mtoto akidai kwamba lau angeachwa angeliishi kwa wema na kupata daraja ya kaka yake, ataambiwa kwamba Mungu alijua ya kuwa angeasi, ndipo akamtwaa mapema kwa maslahi yake. Hapo yule wa pili atapaza sauti: mbona mimi sikutwaliwa udogoni? Mwalimu, kwa mujibu wa kisa, hakuwa na la kusema. Basi mwenye kudai kwamba mizani ya Mungu inaonekana yote kwa jicho la binadamu, kisa hiki kinamtosha.

Al-Ash'ari, aliyefariki mwaka wa 324 Hijria, alitafuta njia baina ya mbili. Alisema kwamba Mungu ndiye muumba wa kila kitendo, na mja ndiye mwenye kukichuma. Neno lake, kasb, ni la Qur'ani yenyewe: mwisho wa Sura ya Al-Baqara hufunza kwamba nafsi ina faida ya ilichokichuma na dhima ya ilichokichuma. Al-Maturidi wa Samarqand, wa zama zake, aliipa hiari ya mja nafasi pana zaidi kidogo. Maulamaa wa Kiibadhi nao, ambao madhehebu yao yaliingia Zanzibar pamoja na Waomani, wamekaribiana na rai hiyo: uumbaji ni wa Mungu, chumo ni la mja. Hivyo Mshafii na Muibadhi, wanaosali katika misikiti iliyo hatua chache baina yake, katika suala hili husimama karibu kuliko wanavyodhaniwa.

Mtu wa Pemba hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa chumo hilo. Mchumaji wa karafuu hakuumba mkarafuu. Hakuleta mvua, hakupanga mwaka wa mavuno makubwa wala mwaka wa uhaba, na hata mkono anaonyoosha hakujitengenezea. Hata hivyo jioni, karafuu zinapopimwa, pishi alizozichuma huandikwa kwa jina lake, na akiukata mti badala ya kuuchuma, hakuna atakayekubali udhuru kwamba panga liliumbwa na Mungu.

Insafu inataka ikubaliwe kwamba mfano huu haumalizi mjadala. Mpinzani atauliza: na ule mnyoosho wa mkono, na ile nia ya kuunyoosha, je, navyo si viumbe? Wapo wanafalsafa walioiona nadharia ya chumo kuwa ni jina lililopewa fumbo, na Ibn Rushd (1126–1198) alijaribu njia nyengine, ya kwamba hiari ya mtu hufanya kazi ndani ya mtungo wa sababu zilizowekwa na Mungu nje ya mtu na ndani ya mwili wake. Fumbo limebaki. Lakini fumbo la akili si lazima liwe fumbo la mwenendo. Mtu huweza kushindwa kueleza jinsi jicho lionavyo, na bado akaona njia vyema.

Kwa mwenendo, hakuna kisa kilicho wazi kuliko cha Sargh. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alikutana na majemadari wake, naye Abu Ubayda bin al-Jarrah akiwamo, wakampa habari ya tauni; ndiyo tauni ya Amwas, ya mwaka wa 18 Hijria (639). Umar akataka shauri. Akawaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakaafikiana kwamba watu wasipelekwe penye maradhi. Akatangaza kwamba asubuhi atarejea.

Abu Ubayda, mtu mwema aliyekuwa miongoni mwa kumi waliobashiriwa pepo, akamkabili kwa swali: je, ni kuikimbia kadari ya Mungu? Jawabu la Umar limehifadhiwa katika vitabu vya Hadithi, na maana yake ni kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye kingo mbili, moja ya majani na moja kavu. Akilisha penye majani, amelisha kwa kadari ya Mungu. Akilisha penye ukavu, amelisha kwa kadari hiyo hiyo. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika shauri, akaeleza kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akikataza kuingia nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akarejea.

Kisa hiki kina mafunzo mawili ambayo hupitwa kwa haraka. La kwanza ni kwamba Umar hakujibu kwa kuitoa kadari nje ya bonde. Kingo zote mbili zimo ndani yake. Mwenye kudhani kwamba kuchukua tahadhari ni kutoka katika milki ya Mungu, ameidhania milki hiyo kuwa ndogo. Ameifanya kadari kuwa jina la ukame, na majani akayapa jina jengine. La pili ni utaratibu wa mambo. Shauri lilitangulia, uamuzi ukafuata, na uongofu wa Hadithi ukaja mwisho, ukamkuta mtu aliyekwisha kugeuza uso wa mnyama wake. Mwongozo haukuja badala ya jitihada. Ulimjia aliyekuwa anajitahidi. Na wala asidharauliwe Abu Ubayda, ambaye alibaki na watu wake na akafa kwa tauni hiyo. Aliyerejea na aliyebaki, kila mmoja alichagua, na kila mmoja alikuwa mkononi mwa Mola wake.

Ama kwa upande wa kosa, Qur'ani imeweka mbele ya msomaji watu wawili wa mwanzo kukosea. Katika Sura ya Al-A'raf, Iblis aliposhushwa alianza kauli yake kwa kusema kwamba Mola ndiye aliyempoteza. Aya chache baadaye Adam na mkewe, walipokwisha kula cha mti, walikiri kwamba wamezidhulumu nafsi zao. Ukizipima kauli hizi kwa mizani ya elimu ya kalamu tu, ya Iblis haiko mbali na tauhidi: hakuna litokealo nje ya kutaka kwa Mungu. Naye Adam angeweza kusema hayo hayo. Tofauti yao imo katika mtendwa na mtenda wa sentensi. Mmoja alimfanya Mungu kuwa mtenda ili ajitoe; mwengine alijifanya mtenda ili arejee. Na aliyeuchukua mzigo ndiye aliyepokewa toba.

Washirikina wa Makka nao walitumia hoja ya Iblis. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 148, wametajwa wakidai kwamba lau Mungu angetaka wasingelishirikisha. Jibu walilopewa ni kuulizwa kama wana elimu yoyote ya kuitoa. Swali hilo ndilo ufunguo. Kitabu kimeandikwa, lakini hakuna aliyekisoma kabla ya kutenda. Mwenye chombo anapopakia abiria wa mia ya ziada hajui kwamba imeandikwa wazame, wala hajui kwamba imeandikwa wafike. Anachokijua ni idadi aliyoruhusiwa na fedha atakayoipata. Basi hakutenda kwa kadari, kwani hakuijua. Alitenda kwa tamaa, nayo aliijua vizuri. Kuitaja kadari baada ya hapo ni kuleta shahidi ambaye hakuwapo wakati wa kuamua.

Kwa sababu hiyo wengi katika maulamaa wamesema kwamba kadari hutajwa penye msiba na haitajwi penye dhambi. Msiba umekwisha kupita, na kuurudia kwa lau na lau ni kuufungulia moyo mlango wa ukiwa. Dhambi nayo, hata ikiwa imepita, mlango wake wa toba u wazi, na mwenye kuitupia kadari huufunga mlango huo kwa mkono wake. Mzazi wa Wete aliyepotelewa na mwana anayo haki kamili ya kusema kwamba ajali haina kinga. Aliyejaza meli hana haki hiyo, japo kila neno ni lile lile.

Kiswahili chenyewe kimeyahifadhi mambo haya kwa namna ya kustaajabisha. Neno ajali limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni muda uliowekwa, ukomo wa umri. Wazee waliposema kwamba haina kinga walikusudia kwamba siku ya mtu ikifika haizuiliki, na hilo ni kweli isiyo na shaka. Lakini neno limesafiri. Leo ajali ni gari lililopinduka, ni jengo lililoporomoka, ni meli iliyozama. Na methali imebaki na maneno yake huku maana imehamia nyumba nyengine. Ukomo wa umri hauna kinga. Breki mbovu ina kinga. Lugha imeyachanganya, na uzembe umejificha katika mchanganyiko huo. Si kwa bure wazee hao hao walisema tahadhari kabla ya hatari, na wala hawakuona kwamba methali mbili hizo zinagombana.

Neno kadari nalo ni ndugu wa kadiri, na wa kukadiria, na wa makadirio. Asili yake ni kipimo. Sura ya Al-Qamar, aya ya 49, hufunza kwamba kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Maji yana kipimo cha uzito yanaoubeba, na mbao na chuma vina kipimo chake, na upepo wa kusi una wakati wake. Vipimo hivyo ndiyo kadari iliyoandikwa mahali panaposomeka. Anayepakia chombo kupita kiasi hawezi kudai kwamba amejisalimisha kwa kadari. Ameivunja. Amepewa kipimo cha Mola katika maji na chuma, akakikataa, kisha kipimo kilipotimia akakililia kama mgeni aliyekuja bila ya kutazamiwa.

Kuhusu uongofu, Kiswahili kimetoa vitenzi viwili kutoka mzizi mmoja: kuongoa na kuongoka. Kuongoa ni kazi ya mwenye kuonyesha njia, nayo kwa ukamilifu wake ni ya Mungu peke yake. Kuongoka ni hali ya aliyeipokea njia ikamkaa. Sarufi haisemi katika neno hilo la pili ni nani aliyefanya kazi, kama vile mlango uliofunguka hausemi ni nani aliyeusukuma. Sura ya Fussilat, aya ya 17, husimulia kwamba kaumu ya Thamud waliongolewa, yaani walionyeshwa njia, lakini wakapenda upofu. Waliongolewa, na hawakuongoka. Na Sura ya As-Saff, aya ya 5, hueleza kwamba watu walipopinda, ndipo Mungu alipozipinda nyoyo zao. Kupinda kwao kulitangulia.

Washairi wa pwani wamelijua hilo kabla halijaandikiwa makala. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, aliutazama mji wa Pate uliokuwa na fahari ukageuka magofu, na hilo alilichukulia kuwa ni hukumu iliyopita. Lakini utenzi wenyewe aliuelekeza kwa moyo wake, akiulaumu na kuuhimiza. Hakuna anayeyalaumu magofu. Hulaumiwa kile kiwezacho kugeuka. Katika kazi moja mshairi ameiacha kadari mahali pake, kwenye kuta zilizoanguka, na akaiweka hiari mahali pake, kifuani.

Nahodha wa jahazi naye anaijua elimu hii bila ya kusoma kalamu. Upepo si wake. Ukiwa wa mbisho haugeuzi kwa matusi wala kwa malalamiko. Lakini tanga ni lake na usukani ni wake, na mjuzi hupiga bisho, akienda upande huu kisha upande ule, mpaka upepo ule ule unaomkataza ndio unaomfikisha. Akifika husema alhamdulillahi, na hasemi uongo, kwani bila ya upepo asingelifika. Wala hakuna mwenye akili atakayemuuliza kwa nini basi alishika usukani.

Mwislamu mwenye kusali faradhi zake tano husimama rakaa kumi na saba kwa siku, na katika kila rakaa huomba kuongozwa njia iliyonyooka. Kabla ya ombi hilo hukiri mambo mawili yaliyofuatana: kwamba yeye ndiye anayeabudu, na kwamba kwa Mungu ndiko anakotaka msaada. La kwanza lina kitenzi cha mja, la pili linakirejesha kitenzi hicho kwa mwenyewe. Wanazuoni wamebishana juu ya mambo hayo mawili kwa karne kumi na nne, na kila mwenye kusali huyatamka kwa pumzi moja.

Kisha hutoka msikitini akateremka bandarini. Hapo chombo kimeshapakia, na bado watu wamesimama kwenye ngazi wakiwa na mizigo vichwani. Kuna mtu mmoja ambaye neno lake linaweza kuwarudisha. Siku ya pili, ikiwa ya heri au ya msiba, itaitwa kadari, na itaitwa hivyo kwa haki. Lakini saa hii, kabla ya kamba kufunguliwa, jina lake ni amana, na iko mkononi mwake.